Umeombwa usaidie kuendesha nyumba ya fraterniti yenu ya chuo? Soma hii kabla hujasema ndiyo

Huwa inaanza na simu. Jamaa mliyekaa naye chumba kimoja miaka 20 iliyopita, mara ya mwisho kuongea ilikuwa kwenye harusi yake, anakupigia Jumapili jioni, watoto hawajambo, kazi inaendaje, halafu ndo anakuja kwenye shida yenyewe: bodi ya nyumba imebaki na watu watatu, mhazini kahamia Arizona, na we si unafanya mambo ya hesabu? Mi nilisema ndiyo palepale bila kuuliza hata swali moja. Huu mwaka wa 7 bado nimo, na ningependa mwenzangu atakayepigiwa simu kama ile aingie macho yakiwa wazi. Najua tupo wengi tu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, tuliosoma vyuo vya Marekani tukajiunga na hivi vyama, tukamaliza, tukaendelea na maisha.

Kwa ambao hawajakutana nayo, fraterniti ni chama cha wanafunzi wa kiume chuoni Marekani chenye jina la herufi za Kigiriki, sororiti ndo ya wanawake. Wengi nyumbani walilisikia hilo neno la pili kupitia Kamala Harris, yeye ni wa Alpha Kappa Alpha iliyoanzia Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1908, na ukirudi nyuma zaidi Nkrumah mwenyewe alikuwa wa fraterniti ya Phi Beta Sigma. Vile vyama 9 vya Wamarekani Weusi kwa kawaida havina nyumba za kuishi, na wahitimu wao wana matawi yao kabisa. Hapa naongelea zile zenye jumba, vijana 20, 30, wengine hata 60, wanalala humo, wanakula humo na wanaharibu humo. Mambo ya kuwa na nyumba yalianza miaka ya 1840 pale Ann Arbor, Michigan, Chi Psi walipojijengea kibanda cha magogo porini. Kibanda cha magogo hakina boila, ule mtambo wa kupasha nyumba joto. Hayo ya sasa yana boila, na boila ndo itakayokuamsha usiku.

Kitu cha kushika tangu mwanzo: wewe unaenda kuwa mwenye nyumba. Hujaitwa kurudi ujana, na wala hujaitwa kuwa baba yao. Fikiria nyumba ya urithi kule kwetu, marehemu kaacha watoto 9, wote wanasema nyumba ni yetu, Krismasi wote wanakuja kulala, ila bati likivuja simu hazipokelewi. Ndo hiyohiyo, ila hapa watoto wa marehemu ni 600 na wametawanyika majimbo yote.

Hatua ya 1: Jua nani ni nani, maana wako wengi

Kuna makao makuu ya taifa, hawa ndo wanatoa hati ya tawi kuwepo na wanaweza kuifuta. Kuna tawi lenyewe, yaani wanafunzi, wana rais wao, mhazini wao, na kijana mmoja anaitwa meneja wa nyumba ambaye ana miaka 20 na funguo 40. Kuna chuo. Halafu kuna nyinyi, kampuni ya nyumba, chombo tofauti kabisa kisheria kilichosajiliwa kwenye jimbo, ndo chenye hati ya jengo na ndo kinachopangisha wanafunzi. Sehemu nyingine kuna na mfuko wa masomo pembeni. Na kuna mshauri wa tawi, mhitimu pia, kazi yake ni wanafunzi wenyewe, masomo yao, tabia zao, uchaguzi wao.

Usiwe mshauri na mjumbe wa kampuni ya nyumba kwa wakati mmoja. Najua watu ni wachache, najua watakubembeleza, ila asubuhi utamkalisha kijana umsikilize mambo yake ya kufeli kemia na mama yake anaumwa, jioni umpelekee barua ya kudaiwa kodi miezi 2. Haiwezekani. Ataacha kukwambia ukweli kwenye yote mawili.

Hatua ya 2: Omba makaratasi kabla hujaomba funguo

Mwezi wa kwanza usiguse rangi, usiguse makochi. Tafuta vitu hivi: hati ya jengo, usajili wa kampuni kwenye jimbo kama bado uko hai (kuna ada ya kila mwaka au fomu ya kujaza, bodi zikilala wanaifuta na hakuna anayejua mpaka siku ya kukopa benki), katiba ya kampuni, mkataba wa bima, mkopo kama upo, na barua ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inayosema mko chini ya fungu gani la sheria ya kodi. Nyingi ni 501(c)(7), klabu za kijamii, kuna nyingine ni 501(c)(2), kampuni za kushikilia hati ya mali tu. Usibahatishe, soma barua.

Mkiwa (c)(7) kuna mambo mawili watu wanajikwaa. La kwanza, mhitimu akikupa dola 500 za kusaidia paa hawezi kuzikata kwenye kodi yake, mwambie mapema, asije kukuomba risiti ya sadaka mwezi wa pili. Za kukatwa kodi zinapitia ule mfuko wa masomo ambao ni 501(c)(3), yaani fungu la hisani na elimu, na zenyewe zina masharti, haziendi kwenye meza ya pool. La pili ni kiangazi. Nyumba iko tupu miezi 3, mtu anakuja na wazo zuri kabisa, tupangishe wanafunzi wa nje waliokuja kufanya mafunzo kazini. Inaruhusiwa, ila mapato kutoka kwa wasio wanachama kutumia nyumba yasizidi asilimia 15 ya mapato yote ghafi, na ukijumlisha na riba na uwekezaji mwingine yasizidi asilimia 35. Pigeni hesabu kabla hamjabandika tangazo.

Ripoti ya IRS ni kila mwaka, siku ya 15 ya mwezi wa 5 baada ya mwaka wenu wa fedha kuisha. Mkifunga Juni 30, ni Novemba 15. Mapato ambayo kwa kawaida ni dola 50,000 kushuka chini unajaza ile fupi ya mtandaoni, 990-N, dakika 10 umemaliza. Chini ya 200,000 na mali chini ya 500,000 kuna 990-EZ, ukizidi hapo ni 990 yenyewe, tafuta mhasibu. Ukikaa miaka 3 mfululizo bila kutuma, msamaha wa kodi unafutika wenyewe, hakuna anayekaa kikao kuwajadili. Sisi tulikuta miaka 2 haijatumwa. Miaka 2! Aliyekuwepo kabla alidhani wanafunzi ndo wanatuma, wanafunzi walidhani makao makuu.

Hatua ya 3: Hesabu ya vitanda

Hii ndo roho ya biashara yote na ni hesabu ya darasa la 5. Chukua gharama ambazo haziulizi kuna watu wangapi: mkopo, bima, kodi ya ardhi, gesi ya kupasha nyumba, mpishi, akiba ya matengenezo. Tuseme dola 168,000 kwa mwaka na vitanda 28. Kila kitanda dola 6,000. Safi. Sasa vitanda 7 vikae tupu. Unabaki na watu 21, unakusanya 126,000, pengo ni 42,000. Ukitaka kulifunga kwa kupandisha kodi kila mmoja anaongezewa 2,000, na huyo aliyeongezewa anafungua simu anaona apatimenti mpya mtaa wa pili ina jimu na bwawa, anahama na rafiki yake. Mwaka unaofuata vitupu 9. Ndo nyumba nyingi zinavyokufa, na mnaweza msione skandali yoyote wala moto, ni vitanda tu.

Kwahiyo swali lako la kwanza kwenye kila kikao kuanzia Oktoba ni moja, vitanda vingapi vimesainiwa kwa mwaka ujao. Hizo apatimenti zinasainisha mapema sana, ukisubiri Machi umechelewa. Na wanachama wanaokaa nje wachangie kiasi kidogo, maana wanakula pale, wanaangalia mpira pale, wanazibisha choo cha pale.

Halafu weka akiba ya paa kwenye akaunti ambayo wanafunzi hawaijui hata jina, na kutoa hela zihitajike saini 2. Ukishawahi kukaa kamati ya harusi unajua hela ikionekana ina matumizi.

Hatua ya 4: Moto. Hapa usikimbie

Tarehe 12 Mei 1996, asubuhi ya mahafali na ilikuwa Siku ya Mama, nyumba ya Phi Gamma Delta pale Chapel Hill, North Carolina, iliungua na wanafunzi 5 wakafa. Wazazi walikuwa mjini wamekuja kwenye mahafali. Nyumba haikuwa na vile vinyunyizio vya dari, springla, na baada ya hapo mji ukatunga sheria kwamba nyumba za fraterniti na sororiti lazima ziwe navyo. Mi kila mjumbe mpya wa bodi namsimulia hiyo kabla sijamsimulia bajeti.

Kama nyumba yenu haina springla, huo ndo mradi wenu, kabla ya jiko jipya na kabla ya kila kitu. Mtu atasema zikifyatuka zote nyumba itafurika, hiyo ni ya kwenye sinema, za kawaida kila kichwa kinafyatuka chenyewe kikipata joto la kutosha, takriban nyuzi 68 za selsiasi, vingine vinakaa kimya. Kinachofurisha nyumba ni kijana kutundika henga ya shati kwenye kichwa cha springla, kikavunjika. Waambie siku ya kuhamia, wakiwa na wazazi wao pembeni.

Halafu tembea. Namaanisha tembea kwa miguu, kila chumba, mara 2 kwa muhula, na taarifa umetoa kabla kama mkataba unavyosema. Mara ya kwanza nilivyotembea nilipanda gorofa ya 3 nikakuta kitambua moshi kimevishwa soksi. Soksi nyeupe ya mpira, imefungwa na rababendi, imekaa vizuri kabisa kama kofia ya mtoto mchanga. Nikamuuliza mwenye chumba, akaniambia "dude, huwa inalia tukipika pokoni." Mi nina nywele nyeupe kidevuni na huyu ana miaka 19, kwetu ningepigiwa shikamoo kwanza, ila tuache hayo. Nilivua soksi nikamkabidhi. Kilikuwa na tarehe nyuma, kina miaka 13, na hivi vitu vinatakiwa kubadilishwa vikifika 10. Kumbe hata bila soksi kilikuwa pambo.

Cha kuangalia ukitembea: milango ya kuzuia moto ya korido imewekewa kiatu isifunge? Dirisha la kutokea linafunguka au limepakwa rangi likagandana? Ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine chini ya zulia? Jikoni, lile kofia la chuma juu ya jiko la mpishi, mfumo wake wa kuzima moto unakaguliwa kila miezi 6, kuna lebo inaning'inia ina tarehe, isome. Pitisha kidole kwenye chujio, mafuta yakikufuata kidole muite wa kusafisha leo. Mtungi wa kuzimia moto wa jikoni uwe wa aina K, ule wa korido haufai kwa mafuta ya kukaangia. Na zoezi la kutoka, lifanyeni saa 6 usiku siku ya wiki, watakuchukia siku moja.

Hatua ya 5: Mkataba na depoziti

Kila kijana mkataba wake, mzazi asaini kama mdhamini, hata mtoto wa mwanachama mwenzako. Hasa mtoto wa mwanachama mwenzako. Picha za chumba siku ya kuingia na siku ya kutoka. Depoziti ina sheria za jimbo na zina muda wa kuirudisha akishahama: Minnesota wiki 3, California siku 21, Texas siku 30, ukichelewa unajitafutia kesi na mtoto wa mwanasheria, na pale ndani wapo kila mwaka.

Hatua ya 6: Baridi

Kama chuo chenu kiko Kusini mwa Marekani ruka hapa.

Likizo ya Krismasi ya mwaka wangu wa 2, madogo walipanga kuokoa hela ya gesi, wakazima hita kabisa, wakafunga mlango wakaenda kwao. Wazo lao lilikuwa zuri, hawakuwa na ubaya wowote. Nje ilishuka mpaka mate yanaganda kabla hayajafika chini. Bomba lililopita juu ya stoo ya chakula likaganda, likapasuka, halafu siku 3 baadaye hali ya hewa ikapata joto kidogo, barafu ikayeyuka, maji yakaanza. Jirani ndo alinipigia, anaona maji yanatoka chini ya mlango wa nyuma. Nimeendesha gari masaa mawili, usiku na theluji, nafika, dari la chumba cha kulia liko mezani, mchele wa mpishi umevimba kwenye mifuko, na picha za ukutani za madarasa ya tangu 1950 zinaelea. Na hakuna, hakuna mtu hata mmoja kwenye simu, si rais, si meneja wa nyumba, si wajumbe wenzangu, aliyejua valvu kuu ya maji iko wapi. Nimeitafuta dakika 40 na tochi ya simu huku nasikia maji. Bima ililipa sehemu, sehemu ikakataa kwa sababu hita ilizimwa makusudi.

Tangu hapo utaratibu ni huu. Termostati haishuki chini ya nyuzi 55 za farenihaiti, yaani kama 13 za kwetu, na tumeweka inayoonekana kwenye simu. Milango ya makabati ya chini ya sinki inaachwa wazi. Mtu mzima anayeishi karibu anaingia ndani kila siku ya likizo na analipwa, usimwombe kwa undugu, mlipe, wa undugu ataruka siku moja na ndo hiyohiyo. Kuna mkataba na fundi bomba anayepokea simu sikukuu.

Hatua ya 7: Pombe, na wewe mwenyewe

Umri wa kunywa Marekani ni 21 na nusu ya nyumba hawajafika. Umoja wa fraterniti, NIC, walipitisha mwaka 2018 kwamba pombe kali zaidi ya asilimia 15 isiwepo kwenye nyumba za matawi, mwisho wa kutekeleza ukawa Septemba 1, 2019, isipokuwa ikiuzwa na muuzaji mwenye leseni kutoka nje. Kuna vyama kama Phi Delta Theta nyumba zao hazina pombe kabisa tangu 2000. Jua sheria ya chama chenu neno kwa neno, maana bima nyingi zinaangalia hiyo, ukiivunja wanaweza kukuacha peke yako.

Na wanaovunja sana, tuseme ukweli, ni sisi. Homecoming, wiki ya mpira ambayo wahitimu wanarudi chuoni, mzee wa miaka 52 anashuka kwenye gari na keni 3 za bia na chupa ya wiski anawaambia watoto enzi zetu ilikuwa hivi. Mzuie mlangoni. Ni kazi ngumu kuliko boila, ila ni kazi yako, na akianza kusimulia jinsi walivyokuwa wanawatesa wanachama wapya na kwamba iliwafanya wanaume, hapo mkatize kabisa mbele za watu. Pennsylvania, baada ya mwanafunzi kufa Februari 2017, walipitisha sheria 2018 ambayo mateso makubwa ni kosa la jinai zito na mahakama inaweza hata kuchukua nyumba yenyewe. Ile nyumba. Ile unayolipia bima. Tangu Desemba 2024 kuna na sheria ya nchi nzima, vyuo vinatakiwa kutangaza hadharani matawi yaliyokutwa na makosa hayo.

Mimi binafsi sinywi na wanafunzi, hata bia moja, hata waliofika 21. Nakula nao. Jumatatu mpishi anatengeneza chakula cha wote, nafika bila ajenda, nakaa, ndo siku naambiwa ukweli wote, boila inagonga, fulani hajalipa kwa sababu baba yake kaachishwa kazi.

Hatua ya 8: Michango na Jumamosi ya kazi

Usiwaandikie wahitimu barua ya "tusaidie nyumba yetu pendwa", haisomwi. Waandikie bei. Madirisha 14 ya gorofa ya 2, kila moja kiasi fulani, haya 5 yameshalipiwa na watu wa darasa la 1998. Utaona darasa la 1999 linavyoamka. Mambo ya michango sisi tumekulia humo, hapa we ndo fundi, wenzako Wamarekani wanaona aibu kumpigia mtu simu mara ya pili.

Jumamosi ya kazi, moja Agosti kabla hawajahamia, moja Aprili. Kupaka rangi, kufyeka, kubeba makochi mabovu. Umeme, gesi, paa na ngazi ndefu mwite kontrakta mwenye leseni na cheti cha bima mkononi, hata kama kuna mwenzenu anajisifu anajua. Kila mtu anajua mpaka aanguke.

Hatua ya 9: Faili

Anza kulitengeneza siku ya kwanza, usisubiri siku ya kuondoka. Paswedi za benki na za IRS mahali ambapo watu 2 wanafikia, tarehe za ukaguzi wote, namba za mafundi, bima, vitanda vya miaka 10, nani ana funguo. Kipindi kiwe miaka 3, na mwaka wa 2 uwe tayari unamfundisha atakayekupokea, la sivyo utafanya kama mimi, mwaka wa 7 na simu yako ya Jumapili hujaipiga bado.

Ukurasa wa kwanza wa faili letu una picha moja tu. Valvu kuu ya maji, chumba cha kufulia, nyuma ya mashine ya kukaushia ya kushoto, imepakwa rangi nyekundu, inafungwa kwa kuzungusha kulia. Mpini ukikutoka mkononi usiogope, huwa unatoka, urudishe tu uendelee kuzungusha.